Mama Gia na Sauti ya Pili

Mtaa mzima hapakuwa na aliyemwita kwa jina lake. Wanafunzi wa udereva walimbandika jina la Mama Gia, majirani wakalidaka, na mwishowe hata mumewe alipopokea simu ya mtu anayetaka masomo alijibu kwamba Mama Gia yuko uani, asubiri kidogo. Shule yake ilikuwa chumba kimoja chenye ubao wa alama za barabarani na benchi refu, na nyuma yake kiwanja cha kokoto ambako ndoo za rangi zilizojazwa mchanga zilisimama badala ya magari mengine, ili mtu akigonga agonge ndoo. Gari lilikuwa moja. Mwalimu alikuwa mmoja, yeye mwenyewe, mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye miwani ya jua iliyokaa kichwani mvua na jua, na sauti ambayo, kwa maneno ya binti yake, ingeweza kusimamisha lori lililokatika breki.

Wanafunzi walimwogopa na kumpenda kwa pamoja. Hakuwa na maneno ya kubembeleza. Ukisahau kutazama kioo, aliuliza kama nyuma yako kuna jangwa. Ukiachia klachi vibaya gari likaruka kama mbuzi, alishusha pumzi, akakwambia uwaombe radhi abiria, na abiria alikuwa yeye. Tena kulikuwa na amri moja ambayo haikuvunjwa miaka yote ya kazi yake: ndani ya gari la kujifunzia hapapigwi muziki. Dereva anayesikiliza wimbo, alisema, hasikii injini.

Basi gari lake la zamani likakata roho, tena mbele ya ofisi ya leseni, mwanafunzi akiwa kwenye usukani. Mama Gia akaliuza chuma chakavu, akanunua jingine, kuukuu vilevile, lililotoka ng'ambo. Makanika akaliwekea breki na klachi za pili upande wa mwalimu, akafunga kibao cha kujifunza juu ya paa, akamkabidhi ufunguo. Mama Gia akawasha. Injini ikaitika vizuri, na pamoja na injini wakaanza kuimba wanaume wawili.

Alinyoosha mkono kuzima. Kitufe cha sauti kilikuwa kimeng'oka zamani, limebaki tundu. Kitufe cha kutolea sidii kilibonyea na hakikurudi. Alipoizima redio kabisa ilinyamaza, akashukuru, na alipopinda kona ya kwanza ikajiwasha na kuendelea pale ilipoishia, bila haya. Kwenye kioo chake kidogo yalipita maandishi ya kigeni yenye maana ya mkusanyiko wa vibao, na yaliyofuata hayakusomeka kwa kuwa nusu ya kioo ilikuwa imekufa.

Akalipeleka gari kwa fundi umeme wa magari, bwana mwembamba waliyemwita Waya. Waya akaingiza kichwa chini ya dashibodi, akakaa huko kitambo, akatoka na habari mbaya. Aliyefunga redio ile, alieleza, alizichanganya nyaya zake na za taa za pembeni na honi. Ukiing'oa kwa pupa, gari linakuwa bubu. Kilitakiwa kipande fulani, na kipande chenyewe mpaka kiagizwe.

"Vumilia kidogo, Mama Gia," akasema Waya. "Angalau hawapigi kelele."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuudhi zaidi. Maana alikwisha kuwatambua.

Enzi za usichana wake wawili hao walisikika kila mahali. Jina lao halisi lilikuwa la kigeni, refu, lenye herufi ambazo ulimi haukuzitaka, kwa hiyo mtangazaji mmoja wa redio akawabatiza Pole na Taratibu, na jina likaganda. Pole alikuwa yule mwenye masharubu na sauti nyembamba ya juu, aliyesimama mbele. Taratibu alikuwa mrefu, ameshika gitaa, ameinama kidogo kama mtu anayeogopa kugonga dari, na kazi yake ilionekana kuwa kuitikia tu. Muziki wao ulikuwa roki, lakini roki laini, roki iliyovua viatu mlangoni. Wasichana wengine walilia wakiwasikiliza. Yeye alicheka. Alikuwa mtu wa bendi kubwa, ngoma na tarumbeta, na miguu kuuma kesho yake. Kisha miaka ikapita, Pole na Taratibu wakashuka daraja, wakawa muziki wa chumba cha daktari wa meno, muziki wa simu ya benki unapoambiwa usikate, wateja ni wengi. Hata waliowapenda zamani hawakuthubutu kulisema hilo mbele za watu.

Jioni ile alilalamika nyumbani wakati wa chakula. Binti yao, aliyefanya kazi katika duka la dawa, akauliza ni vibao vya nani, na mama akajibu kwamba ni vya shavuni, na anayepigwa ni yeye, kutwa nzima. Mumewe alicheka chini chini. Alikuwa fundi wa friji, mwanamume wa maneno machache, na karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati palepale uani, ambako friji za watu zilisimama kwa safu zimefunguliwa migongo. Wateja walimwita Baridi, kwa kazi yake na kwa tabia yake. Aliuliza swali moja tu, kwamba ni nyimbo zipi hasa. Mama Gia akasema hajui, zote ni uji mmoja, na Baridi akaendelea kula.

Mwanafunzi wake mgumu kuliko wote siku zile alikuwa Bwana Bima. Bwana huyo aliuza bima za magari, na kwa kazi hiyo alijua kwa undani namna zote ambazo gari linaweza kumuumiza mtu, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yake. Alikuwa mtu mzima, mwenye tai na shati lililopigwa pasi vizuri, lakini akikaa nyuma ya usukani mikono ilitota jasho na mguu wa klachi ukacheza kama cherehani. Mtihani ulikwisha kumwangusha zaidi ya mara moja. Alipoingia katika gari jipya akawasikia wale wawili wakiimba, aliuliza kwa adabu kama ni sehemu ya mafunzo. Mama Gia akamwambia ni adhabu, ila haijajulikana ni ya nani.

Siku hiyo walikwenda kufanya mazoezi ya kupanda kilima, pale unaposimama katikati ya mwinuko halafu inabidi uondoke bila gari kurudi nyuma. Bwana Bima hakupata kulifanya hilo bila kuzima injini. Wakasimama. Akashika breki ya mkono kama mtu aliyeshika tawi juu ya mto. Ikatokea kwamba wimbo uliokuwa ukipigwa ulikuwa wa taratibu mno, ngoma yake ikigonga kama hatua za mtu asiye na pa kuwahi. Mama Gia akauona mguu wa Bwana Bima ukipungua kutetemeka. Kiitikio kilipoingia, mguu ukainuka wenyewe, polepole, gari likashika, likapanda kilima kama limevutwa kwa kamba. Wakafika juu bila injini kuzima.

"Umefanya nini?" akauliza Mama Gia.

"Sijui, Mwalimu. Nimengoja waimbe."

Tangu hapo mafundisho yakabadilika, ingawa mwalimu hakukubali kwamba yamebadilika. Alianza kusikika akisema maneno ambayo hayamo katika kitabu chochote cha udereva: ngoja kiitikio ndiyo uachie klachi, kata kona na gitaa, usiikimbie ngoma. Mwanafunzi mwingine, nesi wa zamu za asubuhi aliyekuwa na tabia ya kukanyaga breki kama anaua mende, akaacha kurusha watu kwenye kioo. Gari likawa na adabu. Mama Gia akajitia hamnazo, lakini masikio yake yalikwisha kumsaliti.

Mtu hawezi kukaa na nyimbo zilezile kutwa kucha asizijue. Kwanza aligundua kwamba sasa anayaelewa maneno. Usichanani, lugha ile ya kigeni ilikuwa ukungu, wenzake wakawa wanaimba wanachosikia, na kwa miaka mingi rafiki zake waliamini kwamba wimbo mmoja ulihusu mayai. Haukuhusu mayai. Ulihusu mume na mke wanaoachana, wanagawana vyombo vya nyumba kwa upole, sahani kwako, sufuria kwangu, mpaka wanafika kwenye saa ya ukutani, na hakuna anayeitaka. Mama Gia aliusikiliza wimbo ule akiwa amesimama kwenye taa nyekundu na Nesi, na taa ilipogeuka kijani alichelewa kusema twende.

Kulikuwa na mwingine ambao akauita wimbo wa paa. Mtu anakaa katika nyumba inayovuja. Mvua ikinyesha anahamisha beseni kutoka pembe hii kwenda ile. Watu wanamshauri ahame, naye hahami, kwa sababu anayemsubiri anaijua anwani ile tu. Ubeti wa kwanza Pole aliuimba peke yake, na ulikuwa mzuri, kidogo tu mwembamba. Ubeti wa pili Taratibu aliingia chini yake. Hakupaza sauti. Aliingia kama mtu anayeshika upande wa pili wa meza nzito, na papo hapo ukajua kwamba meza ilikuwa inamlemea yule wa kwanza. Mama Gia, ambaye siku zote alidhani yule mrefu anaitikia tu, akaanza kumsikiliza yeye. Ukimfuata yeye, nyimbo zote ziligeuka. Ilikuwa kama kuzunguka nyuma ya nyumba uliyoizoea kwa mbele, ukakuta huko ndiko kuna bustani.

Jambo moja tu lilimtatiza. Kile kibao chao kilichovuma kuliko vyote, kile ambacho hata watoto walikiimba, hakikutokea kabisa. Alikingoja, sidii ikazunguka ikarudi mwanzo, na hakikutokea. Mkusanyiko gani wa vibao usio na kibao chenyewe?

Hakumwambia mtu kwamba anazipenda. Wala hakulisema mbele ya nafsi yake, mpaka asubuhi ile gari la Baridi lilipogoma na yeye anatakiwa kupeleka kompresa ya friji kwa mteja mwenye duka la samaki. Mkewe akampakia, kompresa kwenye kiti cha nyuma, imefungwa mkanda kama mkwe. Njia nzima Baridi alitazama nje ya dirisha. Ulipoanza wimbo wa paa, Mama Gia akanyamaza ili ausikie vizuri, akijifanya anatazama foleni. Ubeti wa pili ukaingia, na sauti ya Taratibu ikatoka mahali pawili.

Mara ya kwanza alidhani spika ya upande wa kushoto, iliyokuwa imekufa, imepona. Kisha akageuza kichwa. Mumewe alikuwa anaimba. Hakuwa anavumavuma kama watu wafanyavyo wakiujua wimbo nusu nusu. Aliimba sauti ya pili yote, kila neno, kila kona, chini kabisa na safi kama maji ya chupa, macho bado dirishani, kidole kikigonga goti. Mama Gia, mwalimu wa udereva, akapita taa nyekundu. Nyuma yao mtu akapiga honi ndefu, na yeye akasogeza gari kando ya barabara, akalisimamisha mbele ya duka la vioo.

"Umejifunza wapi hiyo?" akauliza.

"Zamani."

"Zamani ipi? Zamani yako mimi nimo karibu yote."

"Kabla yako kidogo," akasema Baridi.

Akamsimulia palepale, kompresa ikisikiliza. Alipokuwa bado anajifunza ufundi alikuwa na rafiki, mpiga chapa, na Jumamosi wawili hao waliimba kwenye ukumbi wa chakula wa hoteli moja ndogo. Nyimbo zao zote zilikuwa za Pole na Taratibu. Mpiga chapa alikuwa na sauti ya kwanza na tabasamu, yeye alikuwa na gitaa na sauti ya pili. Watu waliacha uma hewani. Halafu ukaja ule usiku wa dansi walipokutana yeye na Mama Gia. Bendi ilipopumzika mtu akaweka kanda ya Pole na Taratibu, na Mama Gia, msichana mwenye maneno mezani, akatangaza kwamba muziki ule ni wa watu wenye homa. Meza nzima ikavunjika mbavu. Baridi naye alicheka. Wiki hiyo akampa mpiga chapa gitaa lake, na baadaye mpiga chapa akahamia mji mwingine.

Mama Gia hakukumbuka. Aliitafuta meza ile kichwani, akalipata gauni alilovaa, akaipata hata rangi ya taa, lakini maneno yale hakuyapata. Yalikuwa yamemtoka kama mtu anavyotema kokwa.

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nimekwisha kukupenda," akasema mumewe. "Ningefanyaje? Nikupende, na tena niwe na homa?"

Mama Gia akaiwazia karakana ya uani, na ule mvumo uliotoka humo miaka nenda miaka rudi, akadhani ni friji za watu. Kumbe ndiyo maana nyingine zilivuma bila kuchomekwa kwenye umeme. Akawasha gari, wakapeleka kompresa.

Kuanzia siku hiyo akamganda. Alitaka kumsikia tena. Alimwomba jikoni, alimwomba uani, alimwomba mbele ya binti, ambaye alikodoa macho kusikia kwamba baba yake anaimba. Baridi alikataa kwa upole uleule aliotumia kumwambia mteja kwamba friji yake haiponi.

"Sauti ya pili haiimbwi peke yake," alieleza. "Utafanana na mtu anayejibu simu ambayo haikupigwa."

Mama Gia akalala na jambo hilo, akaamka amekata shauri. Ikiwa inatakiwa sauti ya kwanza, basi atakuwa nayo.

Mateso ya wanafunzi yakaanza. Pole alikuwa na sauti nyembamba ya juu, na Mama Gia alikuwa na sauti iliyokwaruzwa na miaka mingi ya kupiga kelele kwenye njia panda. Alijaribu juu ikapasuka. Akashusha chini, akapata mahali pa kusimama, akaanza kuzikariri nyimbo moja moja, kutwa, kwenye kiti cha mwalimu. Nesi akalazimika kuuliza katikati ya ubeti kama asimame au apinde. Siku moja kwenye mzunguko mkubwa Bwana Bima alilizungusha gari mara kadhaa bila kutoka, na alipoulizwa ana nini akasema kwamba alikuwa anaona aibu kumkatiza Mwalimu, maana alikuwa ameivuta ile noti ndefu. Binti alipopanda gari kwenda kazini alijiziba masikio, akasema duka la dawa lina vidonge vya koo, kama mama anahitaji.

Kisha jioni moja, jua bado liko juu ya ukuta, Baridi alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji ya mwenye buchari, na mkewe akaja akasimama mlangoni pa karakana akaimba ubeti wa kwanza wa paa mpaka mwisho. Baridi hakuinua kichwa.

"Unaamrisha," alisema. "Yule anaomba."

"Mimi sijui kuomba."

"Jaribu. Jifanye mvua inanyesha na beseni ni moja."

Akajaribu tena, na tena. Safari ya nne, au ya tano, alichoka, akasahau kwamba anajaribu, na sauti ikatoka ndogo, yenye mikwaruzo, wala si mbaya. Ubeti wa pili ulipofika, kutoka nyuma ya friji ya mwenye buchari ikaja ile nyingine chini yake. Mama Gia alihisi kitu ambacho hajawahi kukihisi katika kuimba kwake kote kwa ukelele: kwamba hahitaji kusukuma. Sauti yake ilikuwa imebebwa. Alifika mwisho wa wimbo akakuta machozi yamemtoka, akasingizia gesi ya friji, na mumewe akasema friji hiyo haina gesi hata kidogo, ndiyo maana ililetwa.

Katikati ya hayo yote Waya akatokea na kipande chake. Alikuwa amekipata kwa taabu, akakileta mwenyewe mpaka shuleni, mwenye furaha ya mtu anayeleta dawa. Akafungua dashibodi, akatenganisha nyaya, akachokonoa, na sidii ikateleza nje kama ulimi. Mama Gia akaichukua kwa ncha za vidole. Ilikuwa na michubuko, na maandishi yake yalisomeka yote: Mkusanyiko wa Vibao, Sehemu ya Pili.

Alisoma mara mbili, akacheka mpaka akajishikilia kwenye mlango wa gari. Basi ndiyo sababu. Vile vibao vilivyovuma, vile vya kila mtu, vilikuwa kwenye sehemu ya kwanza, na sehemu ya kwanza iko wapi hakuna ajuaye. Hii ilikuwa ya nyimbo zilizobaki, zile ambazo redio haikuzipiga na mtu hakuziomba. Alimpigia simu Baridi papo hapo. Baridi akasema alijua, tangu siku ile ya kompresa, aliposikia wimbo wa mtu na beseni. Kwenye ukumbi wa hoteli, watu walipoomba vibao wao waliwapa vibao, lakini walipobaki wao wenyewe na wahudumu wakipanga viti, waliimba za sehemu ya pili.

"Rudisha," Mama Gia akamwambia Waya.

"Nirudishe wapi?"

"Humo ulimoitoa. Nitengenezee kitufe cha sauti tu."

Waya alimtazama, akatazama kipande mkononi mwake, akasema katika kazi yake ameona mengi. Akairudisha.

Wiki chache baadaye Bwana Bima alifaulu mtihani. Mtahini mwenyewe alimsifu kwa namna alivyoondoka kwenye kilima, akamuuliza nani amemfundisha, na kwa nini alikuwa anatikisa kichwa. Bwana Bima akatangaza kwamba jambo hilo halipiti kavu. Jumamosi alasiri akaleta soda na keki kwenye kiwanja cha kokoto, akawaalika wanafunzi wote, Nesi, Waya, majirani, na muuza matairi wa jirani aliyekuwa mzee mnene, mkali, asiyepata kuonekana akicheka. Ndoo za mchanga zikawa viti. Bwana Bima alitoa hotuba fupi, akashukuru Mwalimu, akashukuru kilima, kisha akasema kuna fununu kwamba nyumba hii ina waimbaji wawili.

Mama Gia alimtazama mumewe akitegemea atakimbilia karakana. Badala yake Baridi aliingia ndani akatoka na gitaa. Hakuwa ameuambia hata ukuta. Alilipata kwa fundi redio aliyekuwa anadaiwa malipo ya friji yake, wakabadilishana kazi kwa kitu, akabadili nyuzi mwenyewe. Akakaa kwenye ndoo, akalisikiliza, akakaza uzi mmoja.

Walianza vibaya. Mama Gia alipanda juu mno kwa hofu, sauti ikapasuka kwenye mstari wa kwanza, na mtu akakohoa. Akasimama. Baridi akarudisha vidole mwanzo kana kwamba ndivyo wimbo ulivyo, akamtazama, akampungia kidogo kwa kidevu. Safari hii akaingia chini, mahali pake. Ubeti wa pili Baridi alipoingia, binti yao aliyekuwa anakata keki aliacha kisu ndani ya keki, akabaki amesimama vilevile mpaka wimbo ukaisha.

Wa kwanza kusema, hata kabla ya makofi, alikuwa muuza matairi. Alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi, kwamba yeye alikuwa na kaseti zao zote, alizificha kwenye kasha la spana ili wenzake wasizione. Nesi akasema mama yake alimnyonyesha huku akiwasikiliza hao. Waya akakiri kwamba siku ile chini ya dashibodi alikaa muda mrefu kwa sababu alitaka wimbo uishe. Wakaanza kusimuliana nani aliusikia wapi na alikuwa na nani, na keki ikasahaulika kwenye jua.

Muuza matairi alikuwa pia katibu wa chama cha wastaafu, na kabla hajaondoka akawaomba waje kuimba kwenye mkutano wao wa mwisho wa mwezi. Mama Gia alifungua kinywa kusema watafikiria, na Baridi, mtu wa maneno machache, akasema watakuja, na akauliza kama ukumbi una mwangwi.

Sasa wanajiandaa. Nyimbo wamezichagua wenyewe, zote za sehemu ya pili. Kwenye sidii hiyo, karibu na mwisho, kuna mmoja ambao Taratibu anaimba mbele na Pole ndiye anayerudi nyuma, na Baridi ameutaka huo. Kwa hiyo mkewe inambidi ajifunze kukaa chini ya sauti ya mtu mwingine, na hilo limemshinda kuliko kilima kilivyomshinda Bwana Bima. Kila mara anajikuta amempita. Anafua nguo uani, anaimba, anapotea, na kutoka nyuma ya friji inakuja sauti tulivu ikisema arudie, kuanzia pale kwenye gitaa. Anarudia, sabuni mikononi, miwani kichwani. Juzi aliufikisha mpaka katikati.